Kinachoua Saiti Hakimo Kwenye Mchoro

Fungua michoro ya jengo lolote la ghorofa. Kila nguzo ina namba yake, kila boriti ina kina chake, nondo zimeandikiwa unene, idadi na umbali kati ya moja na nyingine. Sasa tafuta humo jukwaa watakalosimama mafundi wa plasta. Tafuta mirunda, yaani nguzo za muda, itakayobeba slabu, sakafu ya zege, ikiwa bado uji. Tafuta mbao za kuzuia udongo usimfukie mchimba msingi. Hutaviona. Ni vitu vya kusimama wiki chache kisha vinang'olewa, mwenye jengo hakabidhiwi hata kimoja, na kwa sababu hiyo mara nyingi havina mchoro, havina bei yake na havina mwenyewe. Lakini ndivyo vinavyobeba watu tangu shimo la kwanza hadi rangi ya mwisho.

Uongozi wa usalama saiti hufaulu au hushindwa hapo. Mazungumzo mengi huanzia kwenye helmeti na kuishia kwenye buti, kana kwamba ajali ni jambo linalomfuata mtu asiyevaa vizuri. Vifaa kinga ni lazima. Ila Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1988, unaohusu usalama na afya katika ujenzi, unaviweka mahali pake: vitolewe pale ambapo kinga ya kutosha haipatikani kwa njia nyingine, na mwajiri avitoe bila kumkata mfanyakazi senti. Kwanza mirunda isianguke. Helmeti inakuja baadaye kwa kokoto iliyochoropoka.

Tuanze na zege bichi, maana ndilo linaloadhibu uzembe kwa haraka zaidi. Zege la kawaida lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Slabu ya unene wa milimita 150 ina kilo 360 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 6 kwa 5 kinabeba karibu tani 11 kabla hujahesabu mafundi, toroli na vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikane. Siku ya kumwaga, tani hizo haziwezi kujibeba hata kidogo. Zote zimo juu ya mirunda. Na hazitui kwa usawa: zege likirundikwa mahali pamoja hadi kimo cha sentimita 60, chini yake pana kilo 1,440 kwa mita ya mraba, mara nne ya uzito wa slabu iliyokamilika. Ndiyo maana anayeshika bomba la pampu lazima aelekezwe amwage kidogokidogo na kusambaza, akienda pande zote kwa uwiano, badala ya kujaza kona moja hadi iishe.

Mrunda mrefu na mwembamba haushindwi kwa kupondeka. Hupinda katikati, kisha huchomoka. Uwezo wake wa kuhimili kupinda hupungua kwa mraba wa urefu usioshikwa, yaani ukiushika katikati kwa mbao za kulala, kwa mielekeo yote miwili, ya urefu na ya upana wa jengo, kinadharia uwezo huo huongezeka mara nne. Hakuna hatua nyingine ya bei ndogo namna hiyo yenye faida kubwa namna hiyo, na bado ndiyo ya kwanza kurukwa mbao zikipungua. Mbao za kulala pekee hazitoshi, kwa sababu zinaacha mirunda yote iyumbe pamoja kama shamba la mahindi kwenye upepo. Zinatakiwa na za mshazari, zinazofunga pembe.

Makosa mengine yako chini kwenye kitako na juu kwenye kichwa. Mrunda unasimamishwa moja kwa moja juu ya kifusi kilichojazwa juzi, mvua inanyesha usiku au maji ya kumwagilia yanatiririka, kitako kinazama sentimita mbili na mzigo wake unahamia kwa jirani ambaye tayari amejaa. Mrunda mfupi unafidiwa kwa matofali mawili yaliyopandanishwa. Vipande viwili vinaungwa kwa misumari upande mmoja tu. Kabari haipigiliwi, na vaibreta inapotikisa inateleza polepole bila mtu kuiona. Kwenye majeki ya chuma yanayotumika kama mirunda, pini iliyopotea inabadilishwa na kipande cha nondo chembamba, na jeki lililokadiriwa kubeba tani kadhaa sasa linategemea nondo ambayo hakuna aliyeihesabu. Dawa yake inajulikana: ubao mpana chini ya kila kitako, udongo ulioshindiliwa, kabari mbili zinazopishana na kupigiliwa, pini halisi. Wakati wa kumwaga, mtu mmoja awekwe kuangalia mirunda kutoka nje ya eneo, asiingie chini, na awe na mamlaka ya kusimamisha pampu kwa neno moja.

Halafu kuna swali la lini ving'olewe. Tarehe 2 Machi 1973, huko Bailey's Crossroads, Virginia, Marekani, jengo refu la Skyline Plaza lilikuwa likipanda. Mirunda ya ghorofa ya juu iliondolewa kabla zege lake halijapata nguvu za kutosha, nguzo zikatoboa slabu, na ghorofa zikaangukiana hadi chini. Wafanyakazi 14 walikufa. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, ilikuwa Willow Island, West Virginia. Jukwaa la kujengea mnara wa kupoozea maji lilishikizwa kwenye ukuta wa mnara wenyewe, na mzigo ukaangukia zege lililomwagwa siku iliyotangulia. Zege halikuwa limekomaa. Ukuta wa juu ulimenyeka, jukwaa likashuka na watu wote waliokuwa juu yake, 51.

Katika mikasa yote miwili hesabu za jengo lililokamilika hazikuwa chanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: zege hili, leo asubuhi, lina nguvu kiasi gani? Jibu halipatikani kwa kuhesabu siku kwenye kalenda peke yake, kwa sababu zege hukomaa polepole hali ya hewa ikiwa baridi. Wala halipatikani kwenye vipande vya majaribio vilivyotunzwa maabara ndani ya maji yenye joto lililodhibitiwa. Hivyo vinakwambia kama mchanganyiko ulikuwa mzuri, havikwambii hali ya slabu iliyolala nje usiku. Vinavyosema kweli ni vipande vilivyotunzwa pembeni ya slabu yenyewe, kwenye upepo na baridi ileile. Na ghorofa ya juu inapomwagwa, uzito wake unashuka kwa mirunda hadi ghorofa ya chini ambayo huenda ina wiki moja tu, kwa hiyo mirunda ya ghorofa zaidi ya moja inaweza kuhitajika kubaki. Uamuzi huo ni wa mhandisi, kwa maandishi na sahihi. Usiachwe kwa seremala anayehitaji mbao zake kwa kazi inayofuata, maana kila saa mbao zinapokaa juu anapoteza fedha, na si haki kumpa mtu mzani ambao upande mmoja una mfuko wake.

Shimo ni hatari ya aina nyingine. Halina kelele na linaonekana dogo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kati ya tani 1.5 na 2, sawa na gari dogo. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani, kichwa kikiwa nje, anaweza kufa kwa kukosa pumzi: kila anapotoa hewa kifua kinanywea, udongo unajaza nafasi, na hakuna nguvu ya kukipanua tena. Kanuni za Marekani zinataka ukuta wa mtaro uzuiwe kuanzia kina cha mita 1.5, isipokuwa kwenye mwamba mzima, na hata kwenye mtaro wenye kina pungufu ya hapo kama kuna dalili ya kuporomoka. Mchimbaji aliyeinama kulaza bomba kwenye mtaro wa mita 1.2 tayari kichwa chake kiko chini ya ukingo.

Wengi husema, basi tutalaza kingo. Pigeni hesabu kwanza. Udongo tifutifu unataka mlalo wa mita 1.5 kwa kila mita 1 ya kina, kila upande. Mtaro wa kina cha mita 2 na upana wa sentimita 80 chini utafunguka hadi mita 6.8 juu. Kwenye kiwanja kilichobanwa na ukuta wa jirani nafasi hiyo haipo, na hata ikiwepo, udongo wa kuchimba na kurudisha umekuwa zaidi ya mara nne. Hapo ndipo mbao na majeki ya kukingama huonekana kuwa nafuu, lakini kama hayakuwekewa bei tangu zabuni, msimamizi atajikuta hana kimoja wala kingine, na mtaro utachimbwa wima. Kinga hufungwa kuanzia juu kwenda chini, ili anayeifunga awe daima amekingwa na sehemu iliyokwisha kuzuiwa, na huondolewa kuanzia chini kwenda juu.

Udongo uliotolewa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na malori mbali zaidi. Ngazi iwepo mahali ambapo mtu anaifikia bila kukimbia. Kanuni hizohizo za Marekani zinasema asitembee zaidi ya mita 7.5 hivi kuifikia, kwa mtaro wa kina cha mita 1.2 na zaidi. Ukaguzi ni kila asubuhi na tena baada ya mvua, ukitazama nyufa zinazoenda sambamba na ukingo, hata kama ziko nyuma yake kidogo. Pampu ya petroli isishushwe ndani kutoa maji, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo hujaa shimoni. Na udongo ukimfukia mtu, wenzake wasiruke ndani. Kuporomoka kwa pili hutokea mara nyingi, na kuchimbua kwa mashine humkata aliyefukiwa. Jambo hilo lifundishwe kabla, kwa sababu saa ile upendo wa mtu kwa mwenzake hushinda akili, na hakuna wa kumlaumu.

Kwenye jukwaa, hadithi ya kawaida ni hii. Linajengwa vizuri, linakaguliwa, linapewa kadi ya kijani. Wiki mbili baadaye fundi wa plasta anakuta bomba la kufungia jukwaa ukutani limepita katikati ya eneo lake. Analifungua, anapiga plasta, anaendelea. Mwenzake anafanya vivyo hivyo ghorofa inayofuata. Mafungo hayo huwekwa kila mita 4 hivi kwenda juu, na kila moja linaloondoka linamwachia jukwaa urefu wa kuyumba bila kushikwa. Ongeza turubai la kuzuia vumbi na jukwaa limekuwa tanga la jahazi. Kumkemea fundi hakutatui kitu. Kinachotatua ni kumpa mtu wa kuita, aje aweke fungo jingine pembeni kabla hili halijatolewa, na aje ndani ya saa moja, maana fundi anayelipwa kwa mita hatangoja nusu siku.

Mengine ya jukwaa ni mepesi kuyataja: ubao mpana chini ya kila mguu, mbao za kukanyagia zisizoacha mianya, reli ya juu kimo cha mita 1 hivi na nyingine katikati, ubao wa pembeni wa sentimita 15 kuzuia nyundo isimwangukie aliye chini. Ngazi itoke nje mita 1 kwa kila mita 4 za kupanda, ifungwe juu, na ipite mahali pa kushukia kwa karibu mita 1 ili mkono upate pa kushika.

Mkanda wa usalama unastahili hesabu yake, kwa sababu watu wanauamini kupita kiasi. Kamba ya mita 2, kifyonza mshtuko kinachofunguka hadi mita 1.75, mita 1.5 kutoka pete ya mgongoni hadi nyayoni, na mita 1 ya akiba: jumla ni mita 6.25 chini ya mahali kamba ilipofungwa. Aliyefunga kamba usawa wa miguu yake, akiwa mita 4 kutoka chini, atafika chini kabla mkanda haujamaliza kazi yake. Akifunga juu ya kichwa, umbali wa kuanguka unapungua sana. Na aliyening'inia hajaokoka bado: damu hukwama miguuni, na anatakiwa ashushwe ndani ya dakika chache. Saiti yenye mikanda 40 isiyo na mpango wa kumshusha mtu haijamaliza matayarisho.

Wavu uliotandazwa chini ya daraja la Golden Gate, San Francisco, lilipokuwa likijengwa, uliokoa watu 19. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa la kazi lilikatika, likaanguka juu ya wavu huohuo, likauchana, na watu 10 wakafa. Wavu ulikuwa wa kudaka mtu, haukuwa wa kudaka jukwaa. Kinga ya mwisho haiwezi kufidia udhaifu wa ile ya kwanza.

Umeme wa muda ni mfupi kueleza: swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, kwenye kila laini ya vifaa vya mkononi, ijaribiwe kwa kitufe chake, nyaya ziinuliwe zisipite kwenye maji, na kabla bomba la kwanza la jukwaa halijasimamishwa, mtu aangalie juu kama kuna nyaya za umeme.

Afya husahaulika zaidi ya usalama kwa sababu muuaji wake hana haraka. Vumbi la kukata zege, matofali na mawe lina silika, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha mwaka 1997 kwamba silika ya namna hiyo ikivutwa husababisha saratani ya mapafu. Kabla ya saratani kuna silikosisi, makovu ya mapafu yasiyotibika. Kiwango cha Marekani tangu kanuni ya 2016 ni miligramu 0.05 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8. Mtu anayefanya kazi huvuta hewa ya karibu mita 10 za ujazo kwa zamu, kwa hiyo tunazungumzia nusu miligramu kwa siku, pungufu ya uzito wa chembe moja ya mchanga yenye upana wa milimita moja. Anayekata bloku kwa grainda kavu amezungukwa na wingu linalopita kiwango hicho mara nyingi. Maji yakimwagika kwenye meno ya kisu wakati wa kukata, sehemu kubwa ya vumbi haipandi kabisa. Kufagia kavu kunalirudisha hewani, lowesha kwanza. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo, na ile inayozuia, ya daraja la FFP2 au N95 kwenda juu, haifungi vizuri juu ya ndevu.

Saruji mbichi nayo ni alkali kali, ya pH 12 hadi 13 kwenye kipimo cha 0 hadi 14. Fundi anayepiga magoti kwenye zege kusawazisha hasikii maumivu mwanzoni. Jioni anavua suruali na kukuta ngozi imeungua hadi ndani. Kinachomwokoa ni pedi za magoti zisizopitisha maji, glavu ndefu, na maji safi karibu ya kunawa mara moja. Kwenye jua kali anahitaji pia ya kunywa, karibu robo lita kila dakika 15 hadi 20, kabla ya kusikia kiu. Mgeni ndiye anayeanguka: mwili ambao haujazoea joto uanze na sehemu ya tano ya kazi siku ya kwanza, uongezewe kiasi hicho kila siku. Desturi ya kumpima kibarua mpya kwa kumpa kazi nzito kuliko wote siku ya kwanza imeua watu. Tazama tena mchoro: bomba la maji ya kunawa na kunywa halimo pia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayeongoza saiti ni kuviingiza vitu hivi mahali vinapoonekana. Kwenye mchanganuo wa bei, jukwaa, kinga za mitaro, mirunda, maji na vyoo viwe na mistari yao, na mistari hiyo isiwe ya kushindania kwenye zabuni. Vinginevyo mshindi ni aliyepunguza mbao, na kila mtu mezani anajua hivyo. Kwenye ratiba, kukomaa kwa zege na kufungua jukwaa viwe na siku zao. Mkataba Na. 167 unawataka wabunifu na wapangaji wa mradi wazingatie usalama wa watakaoujenga, na unampa mkandarasi mkuu jukumu la kuratibu pale waajiri wawili au zaidi wanapofanya kazi mahali pamoja. Maana yake kwa lugha ya saiti ni kwamba mkandarasi mdogo wa plasta akiharibu jukwaa la mwingine, swali linaanzia kwa mkandarasi mkuu. Mwaka 2022 ILO iliyaweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na kupiga marufuku kazi ya kulazimishwa.

Kitu kimoja kiondolewe: bao la "siku bila ajali" lenye zawadi. Zawadi hiyo inanunua ukimya. Kibarua aliyechomwa msumari ananyamaza ili wenzake wasikose posho, na msimamizi anapoteza taarifa kwamba mbao hazing'olewi misumari. Hesabu inayofaa ni ya mambo yaliyoripotiwa na kurekebishwa, na jina la aliyeripoti lisigeuke sababu ya kutoitwa kesho.

Badala ya fomu thelathini, ziwepo nyakati nne ambazo kazi haiendelei bila sahihi ya mtu mmoja anayejulikana: kabla ya kupanda jukwaa, kabla ya kuingia mtaroni, kabla ya kumwaga zege, kabla ya kung'oa mirunda. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Lori la zege likishafika getini, zege linatakiwa kutumika ndani ya saa moja na nusu hivi tangu lichanganywe, fedha imeshalipwa, pampu imekodiwa, na vibarua 30 wamesimama. Saa hiyo mhandisi akiona mrunda usio na mbao ya mshazari, shinikizo lote linamtaka aseme "endeleeni". Ukaguzi wa mirunda ufanywe jana yake, mchana, wakati seremala bado yupo, mbao bado zinaweza kuongezwa, na lori halijaagizwa.